Vitufe vya mkato: mtaji usionunuliwa kwa wafanyabiashara wa dagaa

WAFANYABIASHARA wadogo wengi wanapoorodhesha mali zao huitaja kompyuta pamoja na mizani, maturubai na magunia. Bei iliyonunuliwa wanaijua, na wanajua kuwa itachakaa. Jambo wasilolihesabu ni kwamba mashine hiyo ina kasi mbili. Kasi ya kwanza ni ya mashine yenyewe, na hulipiwa dukani. Kasi ya pili ni ya mikono ya mtu anayeitumia, na hiyo haiuzwi popote. Hupatikana kwa kujifunza.

Somo la wiki hii linahusu kasi hiyo ya pili. Linaeleza vitufe vya mkato, yaani namna ya kuiamuru kompyuta kwa kubonyeza vitufe viwili au vitatu vya kibodi badala ya kuutafuta mshale kwa mausi. Mfano uliochaguliwa ni biashara ya dagaa katika mwalo wa Wampembe, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Hata hivyo, mnunuzi wa mahindi wa Sumbawanga au mwenye duka la vifaa Namanyere anaweza kuutumia bila kubadili chochote isipokuwa majina ya safu.

Kazi ilivyo mwaloni

Wampembe iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapong'aa sana mavuno hupungua, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti dagaa vizuri; giza linaporejea kazi huanza upya. Kwa hiyo shughuli za mnunuzi haziendi sawasawa mwezi mzima. Kuna siku za kukaa bure na kuna alfajiri ambazo mitumbwi hufuatana, kila mvuvi akitaka mzigo wake upimwe, uandikwe na ulipwe.

Dagaa wabichi hawasubiri. Wanatakiwa kuanikwa jua likingali kali, la sivyo ubora hushuka na bei hushuka nao. Mzigo ukishakauka unatakiwa kupandishwa mlimani kwa barabara ya Kitosi kwenda kwenye masoko ya juu. Karani anayechelewa kufunga hesabu huchelewesha malipo, na malipo yakichelewa mvuvi huenda kesho yake kwa mnunuzi mwingine.

Hapo ndipo wengi huamua kuandika kwanza kwenye karatasi na kuahidi kwamba takwimu zitaingizwa kwenye kompyuta jioni. Jioni ikifika mtu amechoka, karatasi moja imelowa, nyingine haionekani, na tarakimu 1 imesomwa kama 7. Faida kubwa ya vitufe vya mkato, basi, si kumaliza mapema ili mtu apumzike. Faida yake ni kwamba hesabu huandikwa papo hapo, mvuvi akiwa amesimama mbele ya meza na beseni likiwa bado linaonekana.

Hesabu ya muda

Ichukuliwe kwa mfano siku moja ya mavuno mazuri ambapo mnunuzi anapokea mzigo wa mitumbwi 40. Kwa kila mtumbwi anajaza safu tano: A ni tarehe, B ni jina la mvuvi, C ni idadi ya mabeseni, D ni bei ya beseni, na E ni malipo ya awali ambayo mvuvi alikwisha kuchukua kwa ajili ya mafuta au nyavu. Safu ya sita, F, ni baki anayodai mvuvi, nayo hukokotolewa na mashine.

Mitumbwi 40 mara safu 5 ni visanduku 200 vya kujaza. Ikiwa kwa kila kisanduku mkono unaondoka kwenye kibodi, unashika mausi, unabofya na kurudi, na safari hiyo inachukua sekunde 3 tu, jumla ni sekunde 600, sawa na dakika 10. Katika siku 20 za kazi za mwezi mmoja hizo ni dakika 200, au saa 3 na dakika 20. Huo ni muda wa kusogeza mkono tu, kabla ya kuhesabu muda wa kufikiri na kuandika.

Kwa lugha ya biashara, huu ni uwekezaji ambao gharama yake ni siku chache za mazoezi na marejesho yake huja kila siku ya kazi. Ni vema pia kusema ukweli wa upande wa pili: mtu anayefungua kompyuta mara moja kwa mwezi kuandika barua hatapata faida kubwa. Mkato hulipa pale kazi inapojirudia.

Hatua ya kwanza: kulinda kazi

Kitufe cha Ctrl, ambacho watu hukiita kontroli, hupatikana pembeni mwa safu ya chini ya kibodi. Hushikiliwa kwanza, kisha hubonyezwa kitufe cha pili, na vyote huachiwa. Alama ya kujumlisha katika somo hili ina maana ya "pamoja na". Vitufe vinavyofuata hufanya kazi katika programu ya Excel kwenye kompyuta za Windows, na vingi vyake hufanya kazi katika programu nyingine pia.

Ctrl+S huhifadhi kazi. Hiki ndicho cha kwanza kujifunza, kwa kuwa umeme ukikatika au betri ikiisha, kazi ambayo haijahifadhiwa huweza kupotea. Utaratibu mzuri ni kukibonyeza kila baada ya kumaliza mvuvi mmoja. Kinachukua nusu ya pumzi.

Ctrl+Z hutengua jambo la mwisho lililofanywa. Kikibonyezwa tena hutengua la kabla yake, na kuendelea kurudi nyuma. Aliyefuta safu nzima kwa bahati mbaya asiingiwe na hofu wala asianze kuandika upya. Abonyeze Ctrl+Z kabla ya kulifunga faili. Ctrl+Y hurudisha kilichotenguliwa.

Esc humwokoa aliyeanza kuandika kwenye kisanduku kisicho chake. Kabla hajabonyeza Enter, akibonyeza Esc, kilichokuwemo hurudi kama kilivyokuwa.

F2 hufungua kisanduku ili kirekebishwe bila kufuta kilichomo. Badala ya kuandika upya tarakimu zote kwa kosa la sifuri moja, mtu hubonyeza F2 na kuirekebisha hiyo sifuri peke yake. Katika baadhi ya kompyuta za mapajani hulazimu kushikilia kitufe cha Fn kwanza.

Hatua ya pili: kuingiza takwimu

Mkato wenye faida kuliko yote katika kuingiza takwimu ni Tab na Enter, vitufe ambavyo watu wengi huvitumia ovyo. Karani aandike tarehe kisha abonyeze Tab, aandike jina, Tab, mabeseni, Tab, bei, Tab, malipo ya awali, kisha Enter. Mshale hautashuka chini ya malipo ya awali. Utarudi wenyewe mwanzo wa mstari unaofuata, tayari kwa tarehe ya mvuvi mwingine. Mstari mzima umekwisha bila mausi kuguswa.

Tarehe haina haja ya kuandikwa. Ctrl pamoja na kitufe cha nukta mkato (;) huweka tarehe ya leo, na tarehe hiyo haibadiliki faili likifunguliwa kesho. Angalizo moja: mashine huandika tarehe iliyo kwenye saa yake. Saa ikiwa imepotea, tarehe zote zitapotea pamoja nayo, hivyo saa ikaguliwe kila asubuhi.

Majina ya wavuvi huleta tatizo la aina nyingine. Leo jina limeandikwa kwa herufi moja ya "a", kesho kwa mbili, na mashine huwachukulia hao kuwa watu wawili wenye madeni mawili. Dawa yake ni Alt pamoja na mshale wa kushuka (↓). Katika kisanduku kitupu kilicho chini kabisa ya orodha ya majina, vitufe hivyo hufungua orodha ya majina yaliyokwisha kuandikwa juu yake, na karani huchagua kwa mshale na Enter. Jina hubaki lile lile, na deni hubaki moja.

Ctrl+D hunakili kilichomo kwenye kisanduku cha juu na kukiweka kwenye kisanduku cha chini. Hufaa pale bei ya asubuhi ni moja kwa mitumbwi kadhaa. Aidha, kama visanduku vingi vinahitaji kitu kimoja, huchaguliwa vyote kwa kushikilia Shift na kubonyeza mshale wa kushuka, huandikwa mara moja tu, kisha hubonyezwa Ctrl+Enter. Vyote hujaa kwa mkupuo.

Kwa safu ya baki, fomula huandikwa mara moja kwenye kisanduku F2: =C2*D2-E2. Maana yake ni mabeseni mara bei, kutoa malipo ya awali. Kisha visanduku kuanzia F2 hadi mwisho wa orodha huchaguliwa kwa Shift na mshale, na Ctrl+D huishusha fomula hiyo kwa wavuvi wote. Mashine yenyewe hubadilisha namba ya mstari, ikawa C3, C4 na kuendelea.

Hatua ya tatu: kukagua kabla ya kulipa

Ctrl pamoja na mshale wa kushuka huupeleka mshale moja kwa moja hadi kisanduku cha mwisho kilichojazwa kwenye safu. Wengi hukitumia kusafiri tu, ilhali ni mkaguzi mzuri wa hesabu. Mshale huo husimama pale unapokutana na pengo. Orodha ya mitumbwi 40 yenye kichwa kwenye mstari wa 1 inapaswa kuishia mstari wa 41. Karani akianzia C2, akabonyeza Ctrl+↓, na mshale ukasimama mstari wa 13, kuna mvuvi kwenye mstari wa 14 ambaye mabeseni yake hayajaandikwa. Mshale ukipitiliza hadi chini kabisa ya ukurasa, Ctrl+Home huurudisha mwanzo.

Ukaguzi huo ni lazima utangulie kujumlisha. Alt pamoja na alama ya sawasawa (=) huweka fomula ya kujumlisha safu iliyo juu yake. Lakini mashine hukisia mwisho wa safu kwa kuangalia visanduku vinavyofuatana, na hukoma kwenye pengo. Pengo likiwa mstari wa 14, jumla itachukua mistari iliyo chini yake tu na kuyaacha mabeseni ya mitumbwi 12 ya kwanza. Namba itakayotokea itaonekana safi, haitakuwa na alama yoyote ya kosa, na itakuwa ya uongo. Kwa hiyo Ctrl+↓ kwanza, Alt+= baadaye.

Ctrl+F hutafuta. Mvuvi aliyefika kuuliza baki yake hana haja ya kusubiri karani ashuke ukurasa mstari kwa mstari. Huandikwa jina lake, hubonyezwa Enter, mstari wake huonekana. Ctrl+Shift+L huweka vichujio kwenye vichwa vya safu, ili mistari ya mtu mmoja ionekane peke yake, mingine ifichwe bila kufutwa.

Mwisho, kitufe chenye alama ya Windows pamoja na L hufunga skrini mara moja. Meza ya mwaloni huzungukwa na watu wengi. Bei aliyopewa mmoja na deni la mwingine si habari za kila mpita njia.

Vitufe hivi vilitoka wapi

Kukata, kunakili na kubandika kulibuniwa miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox huko California, Marekani, ambako mtaalamu Larry Tesler alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1983, ilivipa nguvu vitufe vya Z, X, C na V. Ukiangalia kibodi, vinne hivyo vimepangana upande wa kushoto chini, ambapo vidole vya mkono mmoja huvifikia. X hukata, C hunakili, V hubandika.

Ukurasa wa mahesabu wenye safu na mistari ulianza kuuzwa kwa kompyuta ndogo mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc. Dan Bricklin alipata wazo lake akiwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, akachoka kufuta na kuandika upya hesabu kila tarakimu moja ilipobadilika. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilitokana na kero ya mwanafunzi wa biashara, na si ajabu kwamba kinamfaa mfanyabiashara.

Tanzania ilipita njia yake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla mashine hizi hazijaenea maofisini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kikwazo cha lugha kilianza kupungua. Kikwazo cha mazoea ya mkono kila mtu hukiondoa mwenyewe.

Kasi ina hasara yake

Mkato hurudia kosa kwa kasi ile ile unayorudia kazi. Ichukuliwe bei ya mfano, ambayo si bei ya soko, ya shilingi 40,000 kwa beseni. Saa tatu asubuhi mitumbwi imekuwa mingi na wavuvi wanakubali shilingi 36,000. Karani, kwa mazoea, anaendelea kubonyeza Ctrl+D na kushusha bei ya zamani kwa mitumbwi 15 iliyofuata, kila mmoja ukiwa na mabeseni 6. Hayo ni mabeseni 90, na tofauti ni shilingi 4,000 kwa kila moja. Tajiri amepoteza shilingi 360,000 kwa kitufe kimoja.

Bei ikiwa imepanda badala ya kushuka, anayepunjwa ni mvuvi. Hasara hiyo haionekani kwenye faili, ila huonekana kesho yake mitumbwi inapopitiliza meza.

Kanuni ya kufuata ni rahisi: kitu kisichobadilika kinakiliwe, kitu kinachopatanwa kiandikwe. Tarehe, majina na fomula ni vya kunakili. Idadi ya mabeseni iandikwe kila mara kwa mkono, na bei iandikwe upya kila inapopatanwa upya, huku karani akiitamka kwa sauti mvuvi asikie. Kadhalika, Ctrl+S huhifadhi kosa sawasawa na linavyohifadhi usahihi. Kila jioni faili linakiliwe kwa jina lenye tarehe. F12 hufungua mahali pa kuhifadhi kwa jina jipya. Nakala moja iwekwe kwenye flashi isiyolala chumba kimoja na kompyuta.

Utaratibu wa kujifunza

Anayejaribu kukariri vitufe 30 kwa siku moja atakuwa amevisahau vyote kabla ya wiki kwisha. Wiki ya kwanza ajifunze vinne tu vya ulinzi: Ctrl+S, Ctrl+Z, Esc na F2. Wiki ya pili aongeze Tab na Enter, tarehe, orodha ya majina na Ctrl+D. Wiki ya tatu aongeze vya ukaguzi. Viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na skrini; siku karatasi itakapokuwa haitazamwi tena, somo limeingia.

Siku za mbalamwezi zinafaa kwa mazoezi haya. Vivyo hivyo vipindi vya kusimama kwa uvuvi, kama ule wa miezi mitatu wa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ambapo uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa ili samaki wazaliane. Mnunuzi anayeutumia muda wa namna hiyo kuzoeza mikono na kusafisha orodha za madeni huwa tayari mitumbwi inaporudi.

Zoezi la wiki

Andaa ukurasa wenye safu sita zilizotajwa, vichwa vikiwa mstari wa 1. Jaza mitumbwi 10, kila mmoja mabeseni 6 na malipo ya awali shilingi 50,000. Mitumbwi 5 ya kwanza iwe na bei ya 40,000, na 5 ya mwisho bei ya 36,000. Weka fomula kwenye F2, ishushe, kagua kwa Ctrl+↓, kisha jumlisha kwa Alt+=, yote bila kugusa mausi.

Jumla ya mabeseni iwe 60 na jumla ya baki iwe shilingi 1,780,000. Atakayepata 1,900,000 ameishusha bei ya kwanza hadi mwisho, na ametoa shilingi 120,000 zisizostahili. Atakayepata mabeseni pungufu ya 60 aangalie pengo kabla ya kulaumu mashine. Zoezi lirudiwe kila siku kwa kuangalia saa, na muda wa kila siku uandikwe pembeni. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika nazo huhesabika hivyo hivyo.